Nakuru, Kisumu ama Eldoret: tunahama Nairobi, tukae wapi?

BabaWawili
Wadau, habari zenu. Mimi na mke wangu tumeamua tunatoka Nairobi kabla shule zifunguliwe Januari. Kodi imetuchosha, jamu imetuchosha, na kusema kweli hatuoni kitu tunajenga huku. Tumebaki na miji mitatu, Nakuru, Kisumu na Eldoret. Mimi roho yangu iko Kisumu, mke anataka Nakuru, shemeji yetu anaishi Eldoret na anasema tusipoteze wakati kwingine. Nyinyi mnaoishi huko, mji gani ni mzuri wa kukaa na familia? Naomba ukweli, si mapenzi ya nyumbani. Asanteni.

DalaPap
Kisumu bana, hapo hata usisumbuke. Katikati ya mji barabara ni pana, uwanja wa ndege uko hapo tu njia ya Busia, ziwa ni letu, na Jumapili ukienda Kibuye unapata kila kitu kuanzia mitumba mpaka kitanda kimetoka kwa fundi bado kinanuka vanishi. Samaki unakula wa leo. Karibu nyumbani omera.

Mkulima64
Shemeji yako anajua anachosema. Eldoret maziwa ni ya asubuhi hiyo, mahindi na viazi bei ni ya shambani, hewa ni safi, na sasa ni jiji tangu Agosti 2024. Ukipata nyumba Elgon View ama Kapsoya utashukuru.

Mwalimu_Hesabu
Ndugu BabaWawili, swali lako vile umeliandika halijibiki. Unafanya kazi gani? Mnaenda na kazi ama mnaenda kuitafuta? Watoto wana miaka mingapi? Kodi mnataka isizidi ngapi? Kuna mtu mgonjwa hapo nyumbani? Mko na gari? Mji mzuri kwa kijana ambaye hajaoa unaweza kuwa mji mbaya kwa mtu ako na watoto wawili. Na nyinyi wawili hapo juu, tafadhali, mmeshapiga debe na hamjui hata mtoto anaingia darasa gani.

DerevaWestern
Namuunga mwalimu mkono. Na mimi naongeza langu, Nairobi utakuwa unarudi kila wakati gani? Juu hilo ndilo linaamua mambo mengi kuliko watu wanavyofikiria. Nairobi mpaka Nakuru ni kama kilomita 160, ukitoka alfajiri saa tatu uko Nakuru ushakunywa chai. Eldoret ni kama kilomita 310, Kisumu ni zaidi ya 340, hapo siku imeisha, ukifika hakuna kazi utafanya. Ukifika Mau Summit barabara inagawanyika, kushoto unashuka Londiani na Kericho mpaka Kisumu, mbele unapanda Timboroa kwenda Eldoret, na Timboroa ukungu ukishuka usiku hata taa za lori iliyo mbele yako huzioni mpaka uko karibu kuigonga.

Tena usihesabu kilomita peke yake. Jumapili jioni na siku za sikukuu kati ya Gilgil na Kinungi gari hazisongi, watu wanatengeneza foleni tatu kwa barabara ya foleni moja, anayeenda na anayerudi wote wanakwama. Sasa wanapanua kutoka Rironi mpaka Mau Summit, itakuwa vizuri siku ikiisha, lakini kwa sasa ni daivashoni na vumbi na malori.

BabaWawili
Sawa wakubwa, hizi hapa. Mimi ni mhasibu, kazi karibu yote nafanyia nyumbani kwa kompyuta, kwa hivyo intaneti isiyokatika ni lazima. Ofisi ya Nairobi wananihitaji kila mwisho wa mwezi. Mke wangu anaoka keki za oda, za harusi na za birthdei, anataka mji wenye watu wananunua. Mtoto wa kwanza yuko Gredi ya 3, wa pili ana miaka minne na huyo mdogo ako na pumu, usiku wa baridi kali huwa tunakesha naye. Kodi tusizidi 30,000, bedrumu tatu, na kamahali ka watoto kuchezea. Tuna gari ndogo.

NesiMstaafu
Mwanangu, hiyo ya pumu ndiyo ungeanza nayo. Nimekaa wodi za watoto Nyanza na Rift Valley miaka mingi na ningependa usikie hili kabla ya mambo ya samaki na maziwa.

Eldoret iko juu, karibu mita 2,100. Nakuru ni kama 1,850. Kisumu iko kama 1,130, pale pale ziwani. Kwa hivyo baridi inapungua ukishuka, na Julai ya Eldoret ni ya sweta juu ya sweta. Lakini pumu haiamshwi na baridi peke yake. Kuna watoto wanaamshwa na vumbi, wengine moshi wa kuni na makaa, wengine maua ya miti, wengine paka wa jirani. Nakuru Januari na Februari upepo ukianza vumbi linaingia mpaka ndani ya kabati. Kwa hivyo muulize daktari anayemjua huyo mtoto ni nini hasa kinamwamsha, usichague mji kwa kuangalia joto tu.

Kisumu nayo ina malaria, na hapa siongei kuwatisha. Mtoto aliyezaliwa Nairobi mwili wake haujakutana na malaria, ikimshika inamshika vibaya. Chanjo ilianza kutolewa Kenya Septemba 2019, ilizinduliwa Homa Bay, lakini imepangiwa watoto wachanga, dozi za kwanza ni kuanzia miezi sita na ya mwisho karibu miaka miwili. Huyo wako wa miaka minne ameshapita. Kilichobaki ni chandarua chenye dawa kila usiku, hata ule usiku mtoto analia joto, na homa yoyote apimwe siku hiyo hiyo. Msimpe vidonge vya kubahatisha.

DalaPap
Mama nesi heshima yako, lakini sisi tumekulia hapa na tuko hai.

NesiMstaafu
Mko hai nyinyi mliokulia hapo, na ndiyo sababu nimesema mtoto wa Nairobi. Wale ambao hawako hai hawaandiki hapa, mwanangu. Nimewafunika wengi.

DalaPap
Nimekuelewa mama. Samahani.

MamaKiamunyi
Naomba mnisikilize kidogo juu ya maji ya Nakuru, juu nimeona hakuna mtu ametaja na huyu ndugu ako na mtoto wa miaka minne.

Sisi tulihamia pembeni mwa Nakuru kijana wetu akiwa ndio ameanza kutembea. Nyumba ilikuwa nzuri ajabu, uwa mkubwa, mparachichi mbele ya mlango, kodi nafuu kuliko zote tulizokuwa tumeona. Maji yalikuwa ya kisima cha mwenye nyumba, vile vinachimbwa na mashine mpaka chini kabisa. Hayakuwa na rangi, hayakuwa na harufu, chai ilikuwa tamu. Tukayanywa, tukayapikia, na sisi si wachafu, tulikuwa tunayachemsha kila siku na kuyaweka kwa mtungi. Miaka ikapita. Akaanza kung'oa meno ya utoto, yale mawili makubwa ya mbele yakaota, na yalikuwa na mistari myeupe kama imechorwa na chaki. Nikafikiri ni maziwa, nikafikiri hapigi mswaki vizuri, nikamgombeza sana. Baadaye ile mistari ikageuka rangi ya chai, halafu kahawia kabisa, na vishimo vidogo vidogo.

Daktari wa meno hakuuliza hata anakula nini. Aliuliza, "Mnakunywa maji ya wapi?" Nikamwambia. Akasema ni floraidi, inatoka kwa mawe ya volkano huko chini, na bonde lote la ufa liko na shida hiyo, mahali pengine kidogo, mahali pengine nyingi. Jino la ukubwa linatengenezewa ndani ya ufizi kuanzia mtoto mdogo mpaka kama miaka minane, kwa hivyo likitoka limeshaharibika na halirudi kuwa jeupe. Kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, kwa hivyo ukichemsha sana ndio unaikoleza.

Tulienda kwa mwenye nyumba. Akasema hayo maji anayanywa yeye na familia yake siku zote na hakuna mtu amekufa. Wakati anaongea nikaangalia mdomo wake kwa mara ya kwanza, meno yake yote ya mbele ni ya kahawia, na ya bibi yake, na ya yule kijana anafungua geti. Nimeishi nao hiyo miaka yote na sikuwa nimeona, juu mtaani kila mtu alikuwa hivyo.

Leo kijana wangu yuko sekondari. Kwa picha za shule anafunga mdomo. Hakuna siku ameniuliza kwa nini, na mimi nikiona hizo picha naziweka kwa droo.

Sisemi msikuje Nakuru. Sisi tuko Kiamunyi sasa na siendi popote, hali ya hewa ni nzuri, biashara iko, watu ni wa kila kabila na wanasalimiana. Nasema kabla ya kutoa dipoziti uliza maji ni ya mfereji ama ya kisima, kama ni ya kisima uliza yalipimwa lini na uonyeshwe karatasi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kama wamekosa karatasi, peleka chupa yako mwenyewe yapimwe. Maji ya mvua ni salama kwa floraidi, na kuna filta za mkaa wa mifupa zinaondoa, Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru wameifanya hiyo kazi miaka mingi. Ya kuoga na kufua hayana shida. Ya kunywa na ya kupikia ndiyo muangalie, mpaka huyo mdogo apite miaka minane.

BabaWawili
Dada, pole sana. Nimemsomea mke wangu hii yote kwa sauti. Hatukujua kabisa. Asante kwa kuandika.

NaxFinest
Pole Mama Kiamunyi. Lakini msichafue mji wote. Visima havifanani, kuna mitaa maji hayana shida, na ukikaa karibu na mji, Section 58, Milimani, Naka, unapata maji ya mfereji. Nakuru ni mji unakaa ukipumua. Uko katikati ya Kenya yote, unaenda Nairobi na kurudi siku hiyo hiyo, Baringo, Kericho, Nyahururu zote ni karibu. Menengai unapanda asubuhi na watoto unarudi kula chamcha.

Mwalimu_Hesabu
Ongeza na haya, asikaribie Mwariki na Barut upande wa ziwa. Ziwa Nakuru limepanda, watu wamepoteza nyumba na mashamba, nyumba unaona mabati tu. Na udongo wa Nakuru ni majivu ya volkano, mvua kubwa ikinyesha kuna mahali ardhi inapasuka ufa mrefu. Uliza majirani wazee, si dalali.

DalaPap
Kwa hivyo maji yanaharibu meno, ziwa linaingia kwa nyumba, ardhi inapasuka. Kisumu njoo tu.

FundiStima_Migosi
DalaPap wacha hizo, na Nyamasaria je? Mimi nafanya kazi Kisumu na naipenda lakini tuseme yote. Upande wa Nyamasaria na Nyalenda ya chini mvua ikinyesha milima ya Nandi, maji yanashuka yanakuja kulala kwa nyumba za watu, na hapo mjini hata tone halijanyesha. Ukienda Ahero na Nyando ndio kabisa, kila masika watu wanahamia shuleni. Mtu wa Nairobi anakuja Septemba, anaona ploti tambarare, nyasi kijani, bei ya chini, anafurahi. Aprili analia. BabaWawili ukija Kisumu tafuta juu, Riat, Mamboleo, ama Milimani na Tom Mboya kama mfuko unakubali. Riat kuna upepo usiku na mbu ni kidogo kuliko huku chini, ila maji uliza kabla, kuna ploti wanaishi kwa kununua ya bausa, yale yanaletwa na lori.

Kwa intaneti, faiba iko mitaa mingi ya Kisumu, Nakuru na Eldoret, lakini haiko kila ploti. Usiulize keateka, yeye atasema iko. Uliza mpangaji wa ghorofa ya juu. Na stima Kisumu mvua za jioni zikija na radi inapotea, so nunua betri ya kubeba kompyuta na ruta hata kama utakaa wapi. Saa nne za chaji zinatosha kumaliza kazi yako.

KekiZaMilimani
Nimeingia juu nimeona mke anaoka. Kuna vitu hakuna mtu atawaambia. Mimi naoka Kisumu, nimetoka Nairobi pia. Kitu cha kwanza nilipigana nacho ni joto. Krimu ya siagi inayosimama wima Nairobi hapa inateleza ukiiangalia, keki ya ngazi tatu ya harusi ya saa nane mchana unaipeleka kwa gari lenye AC na bado unaomba Mungu. Nimehamia kwa fondanti na ganachi ya chokoleti ngumu, na siagi nachanganya na mafuta magumu ya kupikia. Na ratiba imebadilika, napamba usiku, mchana naoka tu.

Pili ni urefu wa mahali. Nairobi ni karibu mita 1,800, Nakuru ni hapo hapo, kwa hivyo vipimo vyake vya Nairobi atavihamisha Nakuru bila kugusa kitu. Akienda Eldoret keki itapanda haraka halafu izame katikati, apunguze beking pauda na aongeze maji kidogo. Akija Kisumu ni kinyume, itapanda polepole, aongeze kidogo. Ajaribu na ndogo ndogo kabla achukue oda ya mtu.

Lakini soko la Kisumu ni zuri dada yangu. Watu wa hapa sherehe wanazipenda na hawapendi keki ndogo. Harusi, graduesheni, kupeleka mahari, kuhitimu kwa madaktari, mtoto kupita mtihani, zote ni keki. Na wateja wa Busia, Siaya na Vihiga wanakuja kuchukua hapa.

BabaWawili
Dada mke wangu amechukua simu kabisa, anauliza unaweza kumwandikia kando?

KekiZaMilimani
Anakaribishwa sana.

Mkulima64
Mmeongea maji, mmeongea keki, na mtoto ako na pumu hakuna mtu ametaja hospitali. Eldoret tuko na hospitali ya rufaa ya Moi, na ndani yake kuna ile ya watoto, Shoe4Africa, ilifunguliwa 2015. Ni hospitali ya watoto peke yao. Usiku mtoto akikosa pumzi, hiyo ndiyo inakusaidia, si upepo wa ziwa.

NesiMstaafu
Hapo Mkulima umesema kweli na nakupongeza. Lakini Kisumu pia kuna ya Jaramogi, na Nakuru ya kaunti, zote zinapokea watoto. Cha muhimu ni nyumba iwe umbali gani na hospitali saa nane ya usiku. Mzazi wa mtoto wa pumu asikae mahali boda inakataa kuja usiku.

NaxFinest
Mkulima64 hiyo ya jiji la 2024 isikupumbaze, kupewa karatasi si kujenga mfereji. Nakuru tulipewa Desemba 2021 na bado kuna mitaa haina barabara.

Mkulima64
Karatasi ni sheria. Eldoret imefika kiwango.

Mwalimu_Hesabu
Kiwango kilishushwa. Sheria ya miji ya 2011 ilitaka watu 500,000, bunge likaishusha 2019 mpaka 250,000. Na ukiangalia sensa ya 2019, Nakuru ilikuwa na zaidi ya 570,000, Eldoret kama 475,000, Kisumu hata 400,000 haikufika, na Kisumu ndiyo imekuwa jiji tangu 2001. Kwa hivyo kwa wingi wa watu, mji mdogo ni Kisumu.

DalaPap
Hesabu za sensa ya 2019 watu wengi hawakuhesabiwa huku. Na mji hauhesabiwi vichwa. Reli ilifika hapa 1901 ikiitwa Port Florence, kabla Eldoret iwe na hata ile nambari ya shamba, 64, mnayojiita nayo.

Mkulima64
Na baada ya reli kufika mmefanyia nini? Magugu yamefunika ziwa mpaka boti hazitoki.

DalaPap
Magugu yanaletwa na mbolea za mashamba yenu, inaoshwa na mito inashuka kwetu.

Mwalimu_Hesabu
Hapo DalaPap amesema jambo la kisayansi, lakini na maji machafu ya miji yamo, ya Kisumu yenyewe pia. Turudi kwa huyu ndugu.

Omwami_Lurambi
Mnisamehe mimi natoka nje kidogo. BabaWawili kwa nini hujataja Kakamega? Ni kama kilomita 50 tu mpaka Kisumu, ndege utaipandia huko huko. Iko juu kidogo, joto si la Kisumu na baridi si ya Eldoret. Mvua ni karibu kila siku mchana, kwa hivyo vumbi mtaa mzima unalisahau, na hiyo kwa mtoto wa kifua si jambo dogo. Msitu uko hapo, hewa unaisikia. Kodi ya 30,000 Lurambi ama Amalemba nafikiri unapata nyumba na shamba la mboga. Na kuku ni wa ukweli, si hao wa kulishwa dawa.

NesiMstaafu
Omwami, malaria ya Kakamega ni ya Kisumu ile ile. Na unyevu mwingi unaleta ukungu kwa kuta, huo nao unaamsha pumu. Mseme na hilo.

Omwami_Lurambi
Mama ni kweli kwa nyumba ambazo hazina hewa. Nyumba ikijengwa na madirisha makubwa hakuna ukungu. Lakini nimekusikia.

FundiStima_Migosi
Kakamega radi ni nyingi. Wekeni waya wa radi, hata nyumba ya kukodi. Nimetengeneza friji nyingi zilizoungua huko.

Omwami_Lurambi
Hiyo ni kweli kabisa sipingi.

Mama_Gredi3
Mimi naomba kuuliza kitu nje ya hapa. Huyo kuku wa Kakamega wa kienyeji siku hizi ni bei gani? Niko Kisumu na Kibuye wameniambia 1,500 kwa jogoo mmoja.

Omwami_Lurambi
Mama umeibiwa. Njoo soko la Kakamega mapema, utapata kwa elfu moja kama unajua kuongea. Angalia miguu yake, jogoo wa kienyeji miguu ni myembamba na magamba ni magumu. Wale wa kuboreshwa miguu ni minene.

KekiZaMilimani
Elfu moja umechelewa omwami, hiyo ilikuwa zamani. Juzi Mbale walinitajia 1,300 na hakuwa mkubwa.

NaxFinest
Swali la mwisho kwangu, na nauliza kwa heshima. Uchaguzi ni Agosti 2027. Huyu ndugu anahamisha watoto. Hizo siku mji gani unalala usingizi?

Mwalimu_Hesabu
NaxFinest hili swali ni la haki lakini litatuharibia hapa. Miji hii yote mitatu ilipata machungu 2007 na 2008, hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole. Akae mtaa ambao majirani wamechanganyika na wanajuana. Tuishie hapo.

DerevaWestern
Sawa mwalimu. BabaWawili umeamua nini?

BabaWawili
Bado. Daktari wa mtoto amesema vumbi ndilo linamwamsha zaidi, na kwamba baridi tunaweza kuishi nayo. Mke wangu baada ya kuongea na huyo dada wa keki sasa anavutwa na Kisumu, mimi niliyekuwa nataka Kisumu baada ya mama nesi nimeogopa malaria na naangalia Nakuru. Shemeji amekasirika tumemsahau. Tumekubaliana tutembee kwanza. Tunaanza Nakuru, tuone nyumba tatu Section 58 na mbili Kiamunyi, na kila nyumba nitatoka na chupa ya maji. Halafu tushuke Kisumu tulale Riat tuone usiku ukoje. Mama Kiamunyi, maji nikishayachukua nayapeleka wapi yapimwe?

MamaKiamunyi
Kampuni ya maji ya kaunti wana maabara, waulize kama wanapokea ya mtu binafsi. Chupa iwe ya plastiki, safi, ioshe mara kadhaa na maji yale yale ya hicho kisima kabla ujaze. Acha mfereji utiririke kwanza. Na andika juu yake ni ya nyumba gani, zikiwa tano zitakuchanganya.

DerevaWestern
Kama mnatoka na watoto msitoke Ijumaa jioni. Jumamosi saa kumi na moja alfajiri mko nje ya Nairobi, chai mnakunywa Naivasha, saa tatu mko Nakuru. Kutoka Nakuru kwenda Kisumu pitieni Kericho mchana, msiende na usiku, kati ya Salgaa na Mau Summit malori yanashuka bila breki. Mtoto wa pumu mfungie madirisha pale wanachimba barabara, na dawa yake ya kuvuta iwe kwa mkoba wa mbele, isiwe kwa buti.

Mkulima64
Na mkifika Mau Summit kumbukeni kuna barabara ya mbele pia, ya Eldoret. Shemeji anangoja.

Mama_Gredi3
Omwami, soko la kuku la Kakamega ni siku gani?